Barua Iliyofunga Mlango wa Arusha

Tarehe 21 Novemba 2019 Umoja wa Afrika ulipokea barua kutoka Serikali ya Tanzania. Barua hiyo iliondoa tamko ambalo nchi yetu ilikuwa imelitoa Machi 2010, lile lililompa mwananchi wa kawaida na asasi za kiraia ruhusa ya kwenda moja kwa moja kuishtaki Serikali katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mahakama yenyewe iko hapa hapa Arusha, upande wa barabara iendayo Dodoma, kwenye majengo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mji haukushtuka. Habari iligusiwa siku chache magazetini, mawakili wachache wakapiga kelele, kisha ikapita kama zinavyopita nyingine.

Kwangu haikupita. Na tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 imekuwa ikinirudia kila nikisikia mtu akiuliza, kwa uchungu wa kweli, "Sasa twende wapi?"

Tunapozungumzia nchi kutumbukia kwenye utawala wa mabavu, wengi wetu huwaza wanajeshi wameketi studio ya televisheni wakisoma tangazo. Yapo hayo, na wenzetu wa Mali, Burkina Faso na Niger wameyaona. Lakini njia inayotumika zaidi siku hizi ni ya ofisini, kwa barua na muhuri. Bunge linabaki, uchaguzi unafanyika kila baada ya miaka mitano, mahakama zinafunguliwa saa mbili asubuhi. Kinachopungua, kidogo kidogo, ni mahali ambapo raia mmoja asiye na cheo anaweza kusimama, akamuuliza mtawala swali, na mtawala akalazimika kumjibu kwa maandishi mbele ya mtu asiyemwajiri. Mahali pa namna hiyo pakishaisha, yanayofuata huwa rahisi.

Nilifundisha Uraia sekondari kwa miaka mingi. Kila mwaka tulifika kwenye Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu, inayosema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Darasa huwa linaandika tu, maana inakuja kwenye mtihani. Mwaka ule wa 2019 binti mmoja wa kidato cha nne hakuandika. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa kama wamekosea kuhesabu?"

"Nani?"

"Tume."

Nikamwambia kuna wakili kijana, Jebra Kambole, ambaye mwaka uliopita alilipeleka swali hilo hilo kwenye Mahakama ya Afrika, hapo barabara ya Dodoma, na kwamba wanasubiri hukumu. Akanitazama kidogo, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: "Yeye peke yake? Bila chama?"

Ndiyo, peke yake. Hilo ndilo lililokuwa la ajabu kwenye ile Mahakama, na ndilo lililoondolewa na barua.

Mpangilio wake ni huu. Itifaki ya kuanzisha Mahakama ilipitishwa Ouagadougou mwaka 1998, ikaanza kutumika Januari 2004, majaji 11 wa kwanza wakaingia kazini 2006 na mwaka uliofuata wakahamia Arusha. Lakini wakuu wa nchi waliweka kizuizi kwenye Ibara ya 34(6): nchi kuridhia Itifaki hakutoshi, lazima iweke tamko la pekee ndipo raia wake waruhusiwe kufungua kesi wenyewe. Bila tamko, kesi inaweza kupelekwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Banjul, au na serikali nyingine, na serikali za bara hili haziko tayari kushtakiana kwa ajili ya mtu wa chini. Zaidi ya nchi 30 zimeridhia Itifaki. Zilizowahi kuweka tamko ni 12 tu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa za mwanzo, na nakumbuka tulivyojivunia jambo lile.

Aliyeifanya Mahakama ijulikane ni Mchungaji Christopher Mtikila, na hapa naomba nikae kidogo.

Mtikila hakuwa mtu rahisi kumpenda. Kwenye mikutano yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwaita Watanzania wenye asili ya Asia magabacholi na kuwachochea watu dhidi yao. Maneno yale yalikuwa mabaya na yanabaki mabaya. Lakini haki haikuwekwa kwa ajili ya watu tunaowapenda. Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma akidai kwamba Mtanzania asilazimishwe kuingia chama cha siasa ili agombee uongozi. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi: mgombea binafsi aruhusiwe. Kabla mwaka ule haujaisha Bunge lilikuwa limepitisha mabadiliko ya Katiba yanayofuta kile alichokishinda.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani. Yeye alirudi mahakamani mwaka 2005, safari hii Dar es Salaam, na Mei 2006 akashinda tena. Serikali ikakata rufani. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikasema suala hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Yaani Bunge lile lile lililomnyang'anya ushindi wa kwanza. Ndani ya nchi njia ilikuwa imeisha.

Bila tamko la Machi 2010 hadithi ingekomea hapo. Mwaka 2011 Mtikila akafungua kesi Arusha. Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wakafungua ya kwao, na zote zikaunganishwa. Wakati huo Jaji Ramadhani alikuwa amechaguliwa kuwa mmoja wa majaji wa Mahakama ya Afrika, lakini Itifaki hairuhusu jaji kusikiliza kesi inayoihusu nchi yake, hivyo hakukaa. Tarehe 14 Juni 2013 hukumu ikasomwa: Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ichukue hatua za kikatiba na za kisheria kurekebisha. Kwa mara ya tatu, katika muda wa miaka 20, mtu yule alikuwa amesikilizwa na kupewa haki yake.

Tarehe 4 Oktoba 2015 alifariki katika ajali ya gari mkoani Pwani, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Mgombea binafsi hayumo kwenye sheria zetu mpaka leo.

Kuna wanaosema kwamba hiyo ndiyo dalili kuwa Mahakama ilikuwa mapambo tu, maana hukumu haikutekelezwa. Sikubaliani nao. Ipo hukumu yenye sahihi za majaji wa mataifa tofauti inayosema Serikali ilikosea, na hakuna waziri anayeweza kuifuta. Alipoanza Mtikila, kudai mgombea binafsi kulichukuliwa kama ukorofi wa mtu mmoja. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba liliandika mgombea binafsi ndani ya Katiba Inayopendekezwa. Rasimu ile ilikwama na kura ya maoni haikufanyika, ila hoja haikuwa tena ya mchungaji mkorofi.

Na mahali kwingine hukumu zilitekelezwa. Burkina Faso ilimfunga mhariri Lohé Issa Konaté miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka kwa ufisadi. Tarehe 5 Desemba 2014 Mahakama ikasema mwandishi hafungwi jela kwa kosa la kashfa, na mwaka uliofuata nchi ile ikabadilisha sheria zake. Mwandishi yeyote wa Afrika anayekamatwa leo, wakili wake anaweza kuifungua hukumu ile mbele ya hakimu.

Nilihudhuria vikao vya wazi mara kadhaa. Mgeni anapewa vifaa vya masikioni vya kusikiliza tafsiri, anaketi nyuma, mbele yake mawakili wa Serikali upande mmoja na wa mlalamikaji upande mwingine, na wote wanasimama majaji wanapoingia. Kinachonigusa ni kwamba wakili wa Serikali anaulizwa swali na inabidi alijibu. Anapekua makaratasi, anainama kwa mwenzake, anaomba muda. Tumezoea kuiona Serikali ikiuliza maswali. Ni mara chache sana nimeiona ikitafuta majibu.

Lakini kesi nyingi za Watanzania hazikufika kwenye ukumbi ule. Zilikwenda kwa maandishi, kutoka magerezani. Ukisoma hukumu za Mahakama utakutana mara kwa mara na majina ya Butimba, Ukonga, Karanga. Hawa walikuwa wafungwa wenye vifungo virefu, wengine waliohukumiwa kunyongwa, ambao waligundua kwamba mfungwa naye ana haki ya kuandika. Mmoja wao, mfungwa wa Karanga kule Moshi, alikuwa na kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Aliugua kesi yake ikiwa inaendelea, nayo ikaendelea bila yeye kupata nafasi ya kujitetea, na hakuwahi kuwa na wakili. Tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama ilisema wazi kwamba mtu anayekabiliwa na kifungo kama kile, asiye na fedha za kumlipa wakili, Serikali ilipaswa kumpatia. Mwaka 2017 Bunge letu lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Siwezi kudai kwamba hukumu ile ndiyo iliyoizaa, ila nafurahi kwamba zipo zote mbili.

Utetezi wa Serikali ulikuwa kwamba tamko limetumika kinyume na masharti tuliyoyaweka wakati wa kulitoa. Nimesikia pia wanasheria makini wakilalamika kwamba Mahakama ya Afrika inageuka kuwa ngazi nyingine ya rufani juu ya Mahakama yetu ya Rufani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mahakama hiyo hiyo imerudia kusema katika hukumu zake kwamba yenyewe si mahakama ya rufani. Inachoangalia ni kama kesi iliendeshwa kwa kufuata Mkataba ambao nchi iliusaini kwa hiari yake. Na sehemu kubwa ya malalamiko ya wafungwa ilikataliwa. Ukiwa na mahakama inayokubali machache na kukataa mengi, jibu la mtu mwenye hoja ni kwenda kuitetea hoja yake humo ndani.

Angalia pia tarehe. Barua ilipokelewa 21 Novemba 2019. Wiki moja baadaye, tarehe 28, Mahakama ilisema kwamba sheria yetu inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila anayetiwa hatiani kwa mauaji, bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira ya mtu na kosa lake, inakiuka haki ya kuishi. Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, lakini watu wanaendelea kuhukumiwa hivyo na kukaa miaka wakisubiri. Kisha, kwa kuwa kujitoa kunaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja, kesi ya Kambole ikawahi. Tarehe 15 Julai 2020 hukumu ilitoka: Ibara ya 41(7) inamnyima raia haki ya kusikilizwa, nchi iirekebishe. Mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kumaliza shule. Nilimtafuta kwa simu kumpa habari ile. Alicheka kwa furaha, kisha akauliza kama itabadilishwa kabla ya uchaguzi wa Oktoba mwaka ule. Haikubadilishwa, wala kabla ya ule uliofuata.

Mlango ulifungwa rasmi 22 Novemba 2020. Kesi zilizokuwa ndani zinaendelea kuamuliwa, ndiyo maana bado tunasikia hukumu za Tanzania zikisomwa Arusha, lakini mpya haziingii.

Sisi hatukuwa wa kwanza. Rwanda ilijitoa mwanzoni mwa 2016, siku chache kabla ya kusikilizwa kwa kesi ya mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire. Benin ilijitoa Machi 2020. Côte d'Ivoire ikafuata Aprili, wiki moja baada ya Mahakama kuiamuru isitishe hati ya kumkamata Guillaume Soro, waziri mkuu wa zamani. Machi 2025 ilikuwa zamu ya Tunisia, ambayo ilikuwa imeambiwa mwaka 2022 kwamba amri za Rais Kais Saied za kujilimbikizia madaraka zinakiuka Mkataba. Katika nchi 12 zimebaki saba, na baadhi ya hizo saba ziko chini ya majeshi. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa bara, ilikuwa na mahakama yake Windhoek, Namibia. Ilipoamua mwaka 2008 dhidi ya Zimbabwe kwenye kesi ya ardhi, wakuu wa nchi waliisimamisha 2010, na mwaka 2012, wakiwa Maputo, wakaamua kwamba ikirudi isikilize migogoro ya nchi na nchi tu. Tanzania ilikuwemo. Nje ya Afrika, Urusi ilitoka kwenye Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu Septemba 2022, ikiwa vitani Ukraine. Serikali hizi zina itikadi tofauti kabisa, na nyingine haziongei. Katika hili zinafanana: hakimu wa mbali asiyeweza kupigiwa simu usiku anawakera.

Wakenya wanaosoma hapa wasidhani hayawahusu. Kenya iliridhia Itifaki lakini haijawahi kuweka tamko. Waogiek wa msitu wa Mau waliopewa notisi ya siku 30 wahame mwaka 2009 ilibidi wapitie Banjul ndipo Tume iwapeleke Arusha. Walishinda 26 Mei 2017, na Juni 2022 wakaamuliwa fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000. Novemba 2023 wengine walikuwa wanabomolewa nyumba tena. Uganda, Burundi na Kongo nazo hazina tamko. Ina maana katika Jumuiya yetu nzima ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha na inayoipokea Mahakama hii katika mji huo huo, hakuna raia hata mmoja anayeweza leo kuivuka geti lake na kesi mpya dhidi ya serikali yake.

Kenya ina kitu kingine, na kwa hicho nawaonea wivu. Katiba yao ya 2010 inampa mtu siku saba kupinga matokeo ya urais na inaipa Mahakama ya Juu siku 14 kuamua. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne kwa wawili, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, walifuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani. Nilisikiliza redioni nikiwa jikoni na nilikaa chini. Uchaguzi wa marudio ulikuwa na matatizo yake mengi, na majaji walitishwa hadharani. Lakini watu walikuwa na mahali pa kupeleka hasira yao iliyovikwa ushahidi.

Sisi, tarehe 29 Oktoba 2025, tulikuwa hatuna. Mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, na chama chake hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Watu wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu waliuawa kwa risasi, na idadi yao bado inabishaniwa. Mshindi alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika, ambao kwa kawaida huwa wapole mno, safari hii walisema uchaguzi haukufikia viwango. Kwa mujibu wa Ibara ya 41(7), hakuna wa kuhoji.

Novemba Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Namheshimu Jaji Chande. Hata hivyo tume inaundwa na Rais, inapewa hadidu za rejea na Rais, na inamkabidhi ripoti Rais. Mama aliyezika mwanawe, au anayesema hajauona mwili wake, hawezi kuilazimisha tume kufanya jambo lolote. Katika mahakama angekuwa mlalamikaji. Kesi ingekuwa na jina lake juu.

Bado kuna vijinjia, na ni vizuri vijulikane. Mtanzania anaweza kuandika Banjul kwa Tume, kwa kuwa nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wenyewe. Anaweza pia kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo inapokea raia moja kwa moja. Ndiyo iliyosema Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinavunja Mkataba wa Jumuiya. Ila pale una miezi miwili tu tangu jambo litokee, na kwa familia iliyokuwa ikizunguka kutoka hospitali hadi hospitali, miezi miwili si kitu.

Gambia iliishi chini ya Yahya Jammeh miaka 22. Alipoondolewa Januari 2017, moja ya mambo waliyoyafanya wale waliobaki ni kuweka tamko la Ibara ya 34(6), ili Mgambia asije akakosa tena pa kwenda. Sisi tunaweza kufanya hivyo. Katika mjadala wa Katiba mpya tunaambiwa kila siku kwamba mambo haya yanahitaji muda, maridhiano, kura ya maoni. Kufuta Ibara ya 41(7) kweli kunahitaji kubadili Katiba. Kurudisha tamko kunahitaji barua, kama ile ya 2019 iliyoliondoa. Nimemwandikia hilo mbunge wa jimbo langu, na nimewaomba wanafunzi wangu wa zamani, yule binti akiwa wa kwanza, wawaandikie wa kwao.